Programu huria si programu ya bure

Ukitaka kuanzisha ubishi, sema kwamba Linux "ni ya bure" mbele ya mtu anayeijua vizuri. Atakurekebisha kabla hujamaliza sentensi. Wengi humwona kama mtu wa kupenda maneno tu. Lakini ana hoja, na hoja yenyewe imeanza zamani.

Haya, turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1960 programu haikuhesabiwa sana kuwa bidhaa. Ulipokodisha tarakilishi ya IBM, programu zilikuja pamoja nayo, na mara nyingi msimbo wake pia, yaani yale maandishi ya mwanaprogramu ambayo mwenzake anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Mwaka 1969 IBM ikatangaza kwamba itaanza kutoza programu bei yake peke yake. Taratibu, kampuni zikaanza kuficha msimbo.

Sasa njoo kwenye printa. Richard Stallman alikuwa akifanya kazi katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani. Printa yao ya zamani ilikuwa na tabia ya kukwamisha karatasi. Kuiponya mashine hakuweza, ila msimbo wake alikuwa nao, basi akaongeza kipande cha kuwaarifu waliokuwa wakisubiri kwamba karatasi imekwama, waende wakaitoe. Baadaye Xerox ikawapa printa mpya ya leza. Hiyo nayo ilikwama, lakini haikuja na msimbo. Stallman akamfuata mtafiti mmoja wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao. Akanyimwa: yule bwana alikuwa ameahidi kutompa mtu yeyote.

Hapa ndipo watu wengi hupapita mbio. Printa ile ilikuwa zawadi! Maabara haikuinunua. Kwa hiyo ugomvi uliozaa harakati nzima haukuhusu bei hata kidogo. Ulihusu mtu kuwa na kifaa mikononi mwake na kukatazwa kukirekebisha.

Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, na programu za aina hiyo zikaitwa "free software". Bahati mbaya, neno "free" kwa Kiingereza hubeba maana mbili, huru na bure, na wasikilizaji wengi wakashika ile ya pili. Yeye mwenyewe alikuwa akiuza programu yake ya Emacs kwenye kanda kwa dola 150. Aliyenunua aliruhusiwa kuinakili, kuibadilisha na kumpa jirani, au hata kumuuzia.

Mwaka 1998, siku chache baada ya Netscape kutangaza kwamba itatoa msimbo wa kivinjari chake, baadhi ya wanaprogramu walikutana Palo Alto wakakubali jina jipya lililopendekezwa na Christine Peterson: "open source". Jina hilo liliwaondolea wafanyabiashara hofu, ila likazaa kosa lingine. Wapo wanaodhani kwamba msimbo ukionekana tu, basi yameisha. La. Kuona si ruhusa ya kubadilisha na kusambaza. Leseni ndiyo hutoa ruhusa hiyo.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi Waswahili tuna maneno mawili tayari, na bado tunaandika "programu za bure". Nani amewahi kusikia "soko huria" akadhani nyanya zinagawiwa bila malipo? Waliofanya mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walielewa tofauti hii vizuri. Waliitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, na hawakuhitaji kumpigia mtu magoti. Leseni ilikuwa imeshawaruhusu.

(Anayedhani huria haina pesa aulize IBM, ile ile ya 1969: mwaka 2019 iliinunua Red Hat, kampuni ya Linux, kwa dola bilioni 34.)

Tofauti hujitokeza hasa mwenye mali anapobadilika. Skype ilikuwa bure tangu 2003, na watu wengi waliitumia kuongea na jamaa walio ughaibuni. Microsoft iliinunua mwaka 2011, na Mei 2025 ikaifunga. Hakuna aliyeweza kuiendeleza, kwa sababu msimbo haukuwa wa watumiaji. OpenOffice nayo ilipata mwenye mpya: Oracle iliinunua kampuni ya Sun mapema mwaka 2010. Wanaprogramu wengi hawakupenda mwelekeo wa mambo, na Septemba mwaka huo huo wakachukua nakala ya msimbo wakaondoka nayo. Wakaiita LibreOffice, kwa neno la Kifaransa na Kihispania lenye maana ya huru tu. Hadi leo inatolewa matoleo mapya.

Kuhusu leseni zenyewe, hasa GPL na jinsi inavyombana anayetaka kuufunga msimbo tena, nitaandika siku nyingine.