Viazi Vitamu Vilivyoenda Marekani Kutibiwa

Nyeri, ngwaci ni kitu cha kushukisha na chai. Hakuna anayenunua mbegu: unakata marando kwa shamba la jirani, unachomeka kwako, basi. Shida ni kwamba jirani akikupa marando yenye virusi, amekupa ugonjwa na msimu mzima wa kuujutia. Majani yanajikunja, mmea unadumaa, na ukichimba unapata vijizizi vya kutia huruma.

Florence Wambugu alizaliwa hapa Nyeri mwaka 1953. Mama yake aliuza ng'ombe ili yeye asome. Akasoma mpaka akapata uzamifu Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, mwaka 1991, akichunguza virusi vya viazi hivi hivi, kisha akaelekea Marekani kwenye maabara za Monsanto. Wazo lenyewe lilikuwa tamu: chukua jeni ya ganda la kirusi, iingize ndani ya kiazi, mmea upate kinga kabla adui hajabisha hodi. Agosti 2000, KARI ikaanza majaribio shambani. Lakini sifa zilifika kabla ya mavuno. Mwaka 2002, jarida la Forbes lilimtaja kati ya watu 15 watakaoibadilisha dunia. Januari 2004 matokeo yakatoka: viazi vyenye jeni havikuhimili virusi.

Wapinzani walicheka sana. Mimi sioni cha kuchekesha. Jeni ile ilitokana na kirusi cha Marekani, na cha kwetu si pacha wake. Halafu huku virusi hutembea wawili wawili: kimoja huletwa na vidukari, kingine na nzi weupe. Hiki cha nzi weupe hulegeza kinga ya mmea, mwenzake anazaana anavyotaka. Jeni moja ilitumwa kupigana na genge. Uganda nao, bila kelele, walikuwa wametoa aina ya NASPOT 1 mwaka 1999 kwa uzalishaji wa kawaida tu.

Sasa kumekuja dawa ya kunyunyiza. Mwaka 2017 Neena Mitter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza BioClay: vibamba vya udongo vya ukubwa wa nano, vimebeba RNA ya nyuzi mbili iliyonakiliwa kutoka kwa kirusi. RNA tupu huisha haraka juu ya jani, ila udongo huiachilia polepole. Mmea unaitumia kama picha ya mshukiwa. Kirusi kikiingia, kinakatwakatwa. Jeni za mmea haziguswi. Tumbaku iliyonyunyiziwa mara moja ilikingwa siku 20.

Hapa ndipo ile hesabu ya 2004 inarudi. Picha lazima iwe ya mshukiwa wa Karatina na Kerugoya, tena washukiwa wote wawili. Angalau ukikosea unabadilisha RNA, hurudii miaka kumi ya maabara. Lakini ngwaci hukaa shambani miezi minne hadi sita. Kwa siku 20 kila mara, hiyo ni kubeba pampu mgongoni mara sita au zaidi, kwa mmea ambao mwenyewe alipewa bure na jirani. Nani atalipa?