Makombe ya Cincinnati

Kila palipochongwa kilima kupitisha barabara mjini Cincinnati, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, hubaki ukuta wenye mistari. Mstari mgumu wa jiwe la chokaa, chini yake mstari laini wa tope lililogeuka mwamba, kisha chokaa tena, na tena, mpaka chini. Mvua ikinyesha, tope hubomoka na mawe hudondoka vipande vipande kama vigae. Okota kipande kimoja, kigeuze: ni makombe matupu, yamelaliana hata pa kuweka ncha ya kidole hapana. Na kutoka hapo hadi bahari ya Atlantiki ni mamia ya kilomita.

Miaka milioni 450 hivi iliyopita, bahari ilikuwa pale pale. Sehemu hiyo ya Amerika Kaskazini ilikuwa bado kusini mwa ikweta, imefunikwa na maji ya uvuguvugu yasiyo na kina kirefu. Nchi kavu haikuwa na mti wala ndege. Upande wa mashariki milima ilikuwa ikiinuka, na mito ikiteremsha tope lake mpaka baharini. Chini ya maji hayo waliishi trilobiti, wenye magamba ya pingili pingili, na brayozoa waliojenga vichaka vya mawe kama marijani. Lakini waliotapakaa sakafu nzima walikuwa brakiopodi.

Mtu wa pwani akionyeshwa brakiopodi atasema ni kome. Asilaumiwe, kwani hata wataalamu wa Ulaya waliwahesabu wanyama hawa pamoja na chaza mpaka karne ya 19. Tofauti iko katika magamba. Kome ana gamba la kushoto na la kulia. Brakiopodi ana la chini na la juu, na hayalingani. Ndani yake kuna kiungo chenye vinyweleo kinachochuja chakula majini. Tena, magamba ya kome yameungwa kwa ukano unaovuta kama springi, kwa hiyo akifa hupanuka. Brakiopodi hufungua na kufunga kwa misuli peke yake, basi akifa mara nyingi hubaki amefumba. Ndiyo sababu katika vilima vile huokotwa makombe kamili, magamba mawili bado yamebanana, hasa ya aina iitwayo Vinlandostrophia ponderosa, yaliyotuna kama maandazi madogo.

Lakini nani aliyapanga kwa matabaka? Dhoruba. Siku za shwari tope lilitua polepole, na wanyama wakazaliwa na kufa juu yake. Kilipopita kimbunga, mawimbi yaliikwangua sakafu, yakafanya kazi ya mpepetaji na ungo wake: tope jepesi lilipeperushwa, makombe mazito yakabaki yamerundikana. Upepo ulipotulia, tope likashuka upya na kuyafunika. Miaka ikapita, dhoruba nyingine ikaja. Kwa hiyo anayesoma ukuta ule anasoma zaidi siku mbaya za bahari. Kuna aina moja, Rafinesquina, bapa na iliyopinda kama kisahani, ambayo mahali pengine imesimama wima, kombe kwa kombe, kama vitabu rafuni. Mnyama hajipangi hivyo. Ni mawimbi yaliyomsimamisha. Hata upande wake uliokaa juu alipokuwa hai, wataalamu wamebishania kwa miaka mingi.

Baadaye ardhi ya pale ilifura polepole kama mgongo wa kobe. Miamba michanga iliyokuwa juu ikalika kwa mvua na mito, na ile ya kale ikatokeza. Wajenzi wa karne ya 19 waliichimba kwa misingi na kuta za mji, kama wazee wa Kilwa na Lamu walivyochimba matumbawe, ingawa matumbawe yetu ni ya juzi tu mbele ya mawe hayo.

Katika mji huo wa Cincinnati alizaliwa Charles Schuchert mwaka 1858, mtoto wa seremala wa samani aliyehamia kutoka Bavaria. Aliacha shule mapema akafanya kazi katika karakana ya baba yake, na muda wake wa mapumziko akauzamisha vilimani, akiokota brakiopodi. Hakuwa peke yake: Cincinnati ilikuwa na wauza vitabu, madaktari na mafundi walioshindana kukusanya visukuku, na Schuchert akafuatana nao. Karakana iliungua, ikajengwa, ikaungua tena. Mwaka 1888 James Hall, mzee mkali aliyekuwa mwanajiolojia wa jimbo la New York, alimchukua kwenda Albany pamoja na mkusanyiko wake, maana Hall alikuwa akitayarisha kitabu kikubwa cha brakiopodi. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1892, ndimo jina Rafinesquina lilimochapishwa kwa mara ya kwanza, ikiwa na majina ya Hall na msaidizi wake Clarke. La mtoto wa seremala halikuwa kwenye jalada. Mwaka 1904 aliitwa kufundisha Chuo Kikuu cha Yale, yeye ambaye hakuwahi kukaa darasa la chuo kama mwanafunzi.

Alifariki mwaka 1942. Mwaka huo huo wapenzi wa visukuku wa Cincinnati walianzisha chama chao, wakajiita kwa utani Dry Dredgers, yaani wakokotaji wa sakafu ya bahari wasiolowa. Chama kingali hai. Kaskazini mashariki mwa mji, kwenye bwawa la Caesar Creek, wahandisi wa jeshi walichonga mfereji mpana wa kumwagia maji ya ziada, na sakafu yake ikawa uwanja wa makombe. Yeyote anaruhusiwa kuokota, akishachukua kibali ofisini: bila nyundo, bila patasi, na kisukuku kisizidi ukubwa wa kiganja chake.