Jina Kwenye Kona ya Karatasi

Masika ya mwaka jana dada yangu aliniachia binti yake wa miaka sita kwa wiki nzima. Mvua haikupumzika, umeme ulikuwa wa kubahatisha, na mimi nilikuwa nadaiwa sura ya tasnifu. Nikamkalisha mezani na rundo la rasimu zangu zilizochapishwa upande mmoja, penseli za rangi, mkasi, na uji mzito wa ngano badala ya gundi.

"Mjomba, nichore nini?"

"Chora chochote. Muhimu utulie."

Akatulia siku tano. Siku ya sita, nikisafisha chumba kabla mama yake hajafika, nilizikunjakunja karatasi zake zote nikazitia kwenye mfuko wa taka. Alipotoka kuoga akaziulizia. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Nadhani ndiyo sababu, miezi kadhaa baadaye, nikiandaa wasilisho la semina kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia, niliwaacha majenerali niliotakiwa kuwasoma nikamng'ang'ania Friedl Dicker-Brandeis.

Friedl alizaliwa Vienna mwaka 1898, akasomea sanaa kwa Johannes Itten katika shule ya Bauhaus, Weimar. Alikuwa Myahudi. Desemba 1942 yeye na mumewe, Pavel, walipelekwa Terezín, mji wa ngome kaskazini mwa Prague ambao Wanazi walikuwa wameugeuza geto. Mtu aliruhusiwa kilo 50 za mizigo. Yeye alipakia vifaa vya kuchorea.

Watoto wa Terezín waliishi kwenye mabweni yaliyofurika, wengi wakiwa mbali na wazazi wao. Masomo ya kawaida yalikatazwa, lakini kuchora kuliachwa, pengine kwa sababu walinzi nao walikuwa na mawazo kama yangu: mtoto aliyekaa mezani hasumbui mtu. Friedl akaitumia nafasi hiyo. Karatasi safi zilikuwa adimu, kwa hiyo watoto walichora nyuma ya fomu za ofisi zilizokwisha kutumika, au walizikata vipande na kuvibandika mpaka safu za takwimu zikawa milima na vyombo vya maua. Wakati mwingine alianza kipindi kwa kugonga mdundo mezani, nao wakaufuata kwa penseli, mkono ulegee kwanza. Mazoezi hayo aliyatoa kwa Itten. Walichora vipepeo na nyumba za kwao. Walichora pia vitanda vya ghorofa na foleni za chakula.

Mwaka 1943 alitoa mhadhara humo humo getoni kuhusu uchoraji wa watoto. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wazima tuna haraka mno ya kuwafanya watoto waone kama sisi. Niliposoma hapo niliifunga kompyuta nikaenda kupika chai.

Kuna jambo moja dogo alilolisisitiza: kila mtoto aandike jina lake kwenye kazi yake. Geto ni mahali pa namba na orodha za usafiri. Pale mezani mtu alikuwa na jina.

Septemba 1944 Pavel alisafirishwa kwenda Auschwitz. Friedl akajiandikisha kwa hiari yake amfuate, na Oktoba hiyo hiyo akauawa huko. Pavel alinusurika. Nyuma yalibaki masanduku mawili yenye picha karibu 4,500. Baada ya vita, Willy Groag, aliyekuwa mlezi katika bweni la wasichana, aliyapeleka Prague, na leo picha hizo zimo katika Makumbusho ya Kiyahudi ya mji huo.

Wapo wanaoandika kwamba sanaa iliwaokoa watoto wale. Sentensi hiyo siipendi. Wengi wa walioweka majina yao waliuawa. Kwa baadhi yao, picha ile ndiyo kitu pekee walichokishika kwa mikono yao ambacho bado kipo.

Desemba mpwa wangu alirudi. Mvua za vuli zilikuwa hazijaisha, tukakaa mezani wote wawili, mimi nikikata, yeye akibandika. Alipomaliza nikamwomba aandike jina. Akaliandika kwenye kona, herufi ya tatu ikitazama nyuma, kisha akaishikilia karatasi bila kuiachia.

"Utaiweka wapi?"

Nikamwonyesha faili la tasnifu. Akalifungua mwenyewe, akaitia katikati, akahakikisha nimelifunga.