Kolera Kalemie: wahami wanahitaji maji kwanza

Kolera ikipanda Kalemie, hakosi mtu wa kusema imeletwa na wahami. Lakini ugonjwa huu ulizoea Ziwa Tanganyika tangu mwisho wa miaka ya 1970, zamani kabla ya mapigano ya Watwa na Waluba kufukuza watu vijijini. Wahami waliukuta hapa. Wengine walipokelewa na jamaa, wengine walilala mashuleni, wengine wakajenga vibanda vya majani katika kambi kama Katanyika na Kalunga. Choo kimoja, watu wengi. Mwaka 2017 Kongo nzima iliandika wagonjwa zaidi ya 50,000 na vifo zaidi ya 1,000, na Tanganyika iliumia sana.

Robine za Regideso hazifiki kila kartie, na umeme wa Bendera ukikatika pampu zinalala. Mama asiye na franka za kununua bidoni ya maji anashuka ziwani ao mtoni Lukuga. Ndiyo sababu msaada wa maana kuliko yote unafanyika pale pwani: mtu anakaa watu wanapochota, anatia klorini ndani ya kila bidoni kwa bomba la sindano, haulizi jina wala karatasi. Maji yanangoja nusu saa, kisha yananyweka. Ni kazi ndogo, lakini inamfikia hata muhami anayeishi kwa shangazi yake, ambaye liste ya kambi haimujui.

Luga nayo ni dawa. Karatasi ya Kifaransa ukutani haimusaidie mtu wa Kiluba asiyesoma. Rele komoniteri aliyetoka ndani ya kambi yenyewe husikilizwa zaidi. Hii ilionekana tena 2020, wakati wa korona: watu waliambiwa wanawe mikono kila mara, na nyumba ya watu nane ina bidoni moja kwa siku.

Kolera inaua kwa kukausha mwili, wakati mwingine kwa saa chache. Mtu akianza kuhara maji-maji, apelekwe mbio kituoni. Njiani apewe maji ya chumvi na sukari: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko sawa-sawa visivyojaa juu. Anywe kidogo-kidogo, hata kama anatapika. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Na pale matunzo ni ya bure, itangazwe wazi: wengi wanachelewa nyumbani kwa kuogopa deni.