Tuta na shimo: Kilio cha madereva, kilio cha wanavijiji

HAKUNA safari ndefu ya basi nchini Tanzania isiyokuwa na matuta. Iwe ni kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma au kutoka Arusha kwenda Dodoma, kila penye soko, shule, zahanati au njia panda, gari hupunguza mwendo, hupanda, hushuka, kisha huanza upya kukusanya kasi. Abiria aliyesinzia kiti cha nyuma huamshwa kwa kugonga kichwa dirishani, na dereva husikika akiwalaani waliolijenga tuta hilo.

Malalamiko hayo si ya madereva wa mabasi peke yao. Wenye malori, daladala, teksi na magari madogo ya nyumbani wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kuwa matuta na mashimo ndivyo vinavyomaliza magari yao. Kwa upande mwingine, wananchi waishio kando ya barabara kuu wamewahi mara kadhaa kuzifunga barabara hizo kwa mawe na magogo, baada ya mtoto au mzee kugongwa, wakidai jambo moja tu: wajengewe tuta.

Ili kuelewa nani ana haki katika mvutano huo, ni vema kufahamu tuta ni kitu gani, hufanya kazi vipi, na kwa nini lililojengwa vibaya huleta madhara.

Lilikotoka

Neno lenyewe limetoka shambani. Tuta ni udongo ulioinuliwa ili kupandwa viazi au mihogo, na barabarani limepewa jina hilo kwa umbo lake. Waingereza huliita polisi aliyelala. Pengine ingefaa zaidi kuliita polisi asiyelala, kwani askari mwenye kifaa cha kupimia mwendo, ambacho madereva wa Tanzania hukiita tochi, hurudi nyumbani jioni, ilhali tuta hubaki mahali pake usiku kucha.

Miongoni mwa waliotangulia kubuni matuta ni mwanafizikia wa Marekani, Arthur Holly Compton, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Mwaka 1953, akiwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, alibuni vizuizi vya kupunguza mwendo baada ya kuona magari yakipita kwa kasi chuoni hapo.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1973, watafiti wa maabara ya serikali ya Uingereza inayoshughulikia uchukuzi na barabara walichapisha matokeo ya majaribio yaliyoweka msingi wa tuta la kisasa. Tuta hilo lina umbo la mgongo wa kobe, upana wa takriban mita 3.7 kwa kufuata uelekeo wa gari, na kimo cha sentimita 10.

Vipimo hivyo si vya kubahatisha. Katika tuta pana, gari linalokwenda kilometa 30 kwa saa au chini ya hapo hupanda na kushuka bila karaha kubwa, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo mtikisiko unavyokuwa mkali. Tuta jembamba hufanya kinyume. Anayelivuka taratibu hutikiswa vikali, na anayelivuka kwa kasi huweza kupita kwa mshtuko mdogo zaidi, kwa sababu tairi na springi hulimeza kabla bodi ya gari haijainuka. Maana yake ni kwamba tuta jembamba humwadhibu dereva mwangalifu na kumsamehe mzembe.

Aina nyingine ni tuta bapa, lenye uso wa juu ulionyooka, ambalo huweza kutumika pia kama kivuko cha waenda kwa miguu. Ipo pia ile michirizi myembamba inayopangwa kwa safu, maarufu kwa jina la rasta. Hiyo haikusudiwi kusimamisha gari, bali kumzindua dereva kwa mlio na mtetemo kuwa mbele yake kuna jambo.

Madai ya madereva

Lalamiko la kwanza la madereva ni tuta lisilotangazwa. Rangi nyeupe au ya njano hufutika kwa matairi na vumbi, na vibao vya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde, na huhitaji zaidi ya mita 50 ili kusimama hata kama lami ni kavu. Usiku, dereva aliyepunguza mwanga wa taa ili asimuumize macho mwenzake anayekuja, huliona tuta lisilo na rangi wakati amekwisha kulifikia.

La pili ni kutofanana. Tuta moja huwa pana na laini, na linalofuata huwa jembamba na la ghafla kama ukuta. Mengine yamejengwa na wananchi wenyewe kwa udongo, mawe au saruji, bila kipimo na bila idhini ya mamlaka ya barabara. Dereva hawezi kujua ni mwendo gani unaofaa hadi awe juu yake.

La tatu ni gharama. Lori lenye shehena likishapunguza mwendo, hulazimika kurudi gia za chini na kupanda tena moja baada ya nyingine, na kila mara mafuta huungua. Mafundi wa gereji wanayafahamu vema matokeo yake: shokapu zinazovuja, springi zilizokatika, bushi zilizolika na sampo za magari madogo zilizopasuka. Katika basi, waliokaa nyuma ya matairi ya mwisho ndio hurushwa zaidi, jambo ambalo ni hatari kwa wajawazito na wenye maradhi ya mgongo.

Madai hayo yana uzito. Hata gari la wagonjwa hulazimika kupunguza mwendo katika kila tuta, huku likiwa na mtu ambaye dakika kwake ni uhai.

Madai ya wanavijiji

Hata hivyo, upo upande wa pili. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilometa 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, lakini kibao peke yake hakina mkono wa kumkamata anayekipuuza. Mahali ambapo nyumba ziko upande mmoja na shule au kisima kiko upande wa pili, watoto huvuka lami mara kadhaa kwa siku.

Ripoti ya dunia kuhusu majeraha ya ajali za barabarani, iliyotolewa mwaka 2004 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia, ilieleza kuwa mwenda kwa miguu aliyegongwa na gari lenye mwendo wa kilometa 30 kwa saa au pungufu ana uwezekano wa asilimia 90 wa kupona. Mwendo ukifika kilometa 45 au zaidi, uwezekano huo hushuka chini ya nusu. Kwa hiyo tofauti kati ya uhai na kifo ni kilometa 15 tu kwa saa, na hiyo ndiyo tofauti ambayo tuta lililojengwa vema huweza kuileta.

Ushahidi umepatikana barani Afrika kwenyewe. Nchini Ghana, katika njia panda ya Suhum iliyopo kwenye barabara ya Accra hadi Kumasi, michirizi ya kutikisa magari iliwekwa mwanzoni mwa mwaka 2000. Ajali zilipungua kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa asilimia 55. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend liliweka matuta, vivuko na njia za miguu kuzunguka shule za msingi, na utafiti ukaonyesha kuwa majeraha ya watoto yalipungua kwa takriban robo. Mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji, Ross Prize for Cities, mwaka 2019.

Matuta hulinda hata wasiokuwa na sauti ya kudai. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50. Humo madereva hutakiwa wasizidi kilometa 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na matuta yamewekwa ili kuwakumbusha, kwani twiga, nyati na swala huvuka lami wakati wowote.

Shimo huzaliwaje

Kama tuta hujengwa kwa makusudi, shimo huzaliwa kwa kupuuzwa. Adui mkubwa wa lami ni maji. Jua na uzito wa magari huleta nyufa ndogo juu ya lami, na mvua za vuli na masika hupenya humo hadi kwenye tabaka la kokoto na kifusi lililo chini. Tabaka hilo likilowa hupoteza nguvu. Kila tairi linapopita husukuma maji hayo kwa kishindo na kuzoa chembe za udongo, hadi lami inabaki ikining'inia juu ya uwazi. Siku moja huvunjika, na shimo likawa limepatikana.

Uzito nao una hesabu yake. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kuwa ekseli ikiongezewa uzito maradufu, uharibifu wa barabara hufikia takriban mara 16. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Lori linalopita likiwa na tani 12 juu ya ekseli hiyo huiumiza barabara mara mbili ya kiwango hicho. Ndiyo maana kuna mizani kama ya Vigwaza na Mikese. Kwa hiyo wapo miongoni mwa wanaolalamikia mashimo ambao wao wenyewe wanayachimba kwa shehena zao.

Hapo ndipo tuta na shimo hukutana. Tuta lililojengwa toka ukingo hadi ukingo bila njia ya maji hugeuka bwawa dogo. Maji hutuama kando yake, malori hufunga breki palepale na kisha kutua kwa kishindo upande wa pili. Haichukui misimu mingi kabla ya shimo kutokea mbele au nyuma ya tuta, na dereva akawa na maadui wawili mahali pamoja.

Wajibu wa kila upande

Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara, TANROADS, ulioanzishwa mwaka 2000. Za mijini na vijijini zilizokuwa chini ya halmashauri zilikabidhiwa kwa TARURA mwaka 2017. Fedha za matengenezo hutoka kwa sehemu kubwa katika tozo ya mafuta, na mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya Sh 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA. Kwa maana hiyo, kila anayejaza tangi amelipia barabara nzuri, na ana haki ya kuuliza.

Anachostahili kuuliza dereva ni kwa nini tuta halina kibao, rangi wala mfereji, na kwa nini halifanani na lililotangulia. Tuta lenye vipimo sahihi, lililotanguliwa na rasta na alama zinazoonekana usiku, halivunji springi ya dereva anayetii mwendo.

Dereva naye ana yake ya kutimiza. Breki ifungwe kabla ya tuta na kuachiwa wakati wa kulipanda, kwani gari linaloinamisha pua kwa breki ndilo linalogonga kwa nguvu. Tabia ya kulikwepa tuta kwa kupitisha matairi pembezoni mwa barabara ikomeshwe, maana huko ndiko wanakopita watoto waendao shule.

Mwisho wa safari, kila dereva huzima injini, hufunga mlango na kushuka. Kuanzia hapo, yeye naye ni mwenda kwa miguu anayetaka kuvuka barabara salama.