Kutoka Kipande hadi Kitambulisho: Uthibitisho wa Umri Nchini Kenya
Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 na ile ya vileo ya mwaka 2010 zinakataza kuwauzia bidhaa hizo walio chini ya miaka 18. Muuzaji akimtilia shaka mnunuzi, humtaka kitambulisho cha taifa. Kwa kuwa hati hiyo hutolewa kwa aliyetimiza umri huohuo, kuwa nayo tu ni ushahidi wa utu uzima.

Hata hivyo, asili yake si ulinzi wa mtoto. Sheria ya usajili ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimu wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kuchukua kipande, ili kibarua aliyetoroka kazini aweze kusakwa. Mwaka 1947 usajili ulipanuliwa kwa watu wa rangi zote.

Madhumuni yamebadilika, lakini mzigo wa kujithibitisha umebaki kwa raia. Wanubi na wakazi wa mipakani, waliohojiwa kwa muda mrefu na kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho, waliweza kupita miaka 18 bila hati ya kuthibitisha hivyo. Kwa hiyo, historia ya udhibiti wa umri haina budi kuanzia ofisi ya usajili, si dukani.