Umoja na Wingi katika Majina ya Jamii: Mfano wa Njoro

Upatanisho wa majina ya jamii ni suala linalotazamwa kwa kawaida kama la sarufi tupu. Kiingereza cha Uingereza huruhusu jina lenye maana ya kamati lifuatwe na kitenzi cha umoja au cha wingi, kwa kadiri msemaji anavyokitazama chombo au watu waliomo. Kile cha Marekani aghalabu hushika umoja. Kiswahili sanifu hufuata ngeli: kundi la wakulima limefika.

Hata hivyo, yafaa ifahamike kwamba uhai huweza kuishinda ngeli. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro, na walowezi wengine wakafuata. Kiswahili cha Kenya kiliwaita masetla. Jina lina kiambishi ma-, lakini kitenzi huchukua wa-: masetla walilima, wala si yalilima. Mfugaji naye husema, ng'ombe zangu wamerudi: kimilikishi kimefuata ngeli, kitenzi kimefuata uhai.

Kundi ni tofauti, kwani lenyewe halina uhai. Wenye uhai ni waliomo. Tofauti hii ilipata uzito baada ya uhuru wa mwaka 1963, pale wakulima wadogo wa Bonde la Ufa walipochanga fedha na kununua mashamba ya masetla kupitia vyama vya ushirika na kampuni. Ichukuliwe sentensi hii: Kundi lilinunua shamba, kisha wakaligawana. Kipatanishi li- chaonyesha mwenye mali mmoja, naye ni chama. Wa- chaonyesha watu, kila mmoja akidai kipande chake. Tena kitenzi chenyewe chadai wingi, kwa kuwa mmoja hawezi kugawana.

Mwalimu anayesahihisha wakaligawana kuwa likaligawana huitii ngeli, lakini hufuta habari ya msingi: kwamba ardhi ilitoka mikononi mwa chama ikaingia mikononi mwa watu. Katika kumbukumbu za mikutano, ambamo haki ya mwanachama hutegemea maneno yaliyoandikwa, hasara hiyo si ndogo.

Kwa hiyo, kanuni ya ngeli na ibaki ndani ya kishazi chenye jina la jamii. Katika kishazi kinachofuata, maana na ipewe nafasi yake.